Kuivalisha Jigi Sketi

Mpe mvuvi wa mshipi jigi mbili, zile ndoana zenye kichwa cha risasi, achague, ataanza na kichwa. Ataipima uzito mkononi, atakwaruza rangi kwa ukucha, atajaribu ncha ya ndoana kwenye kidole gumba. Sketi, yaani kile kishada cha nyuzi kinachofungwa nyuma ya kichwa, ataitazama mwisho, na hata hapo atakachotazama ni rangi tu. Mimi naanzia pale anapomalizia yeye. Naipindua jigi, nazipanua nyuzi kwa vidole na kuchungulia shingoni: uzi wa kufungia umezungushwa vipi, umemaliziwaje, nyuzi za sketi zimegawanyika kote au zimejazana upande mmoja. Kazi iko hapo. Kichwa cha risasi kinaipeleka jigi chini, basi. Kumtoa chewa pangoni ni kazi ya sketi, na sketi iliyofungwa ovyo shingoni haitoi mtu.

Nayasema haya nikiwa fundi cherehani, si mvuvi. Kibanda changu kiko Ngamiani, hapa Tanga, na riziki yangu ni sare za shule, madera na mapazia. Jigi zimekuja kwa sababu ya mjomba. Yeye ni mvuvi wa mshipi tangu sijazaliwa, na alikuwa na tabia ya kupita kibandani kuomba uzi wa nailoni. Siku moja akakaa kabisa mezani kwangu akaanza kufunga. Nilimtazama anavyouzungusha ule uzi, mizunguko imepishana, mingine imelegea, mwisho wake vifundo vitatu juu ya vifundo, nikashindwa kuvumilia. Nikamnyang'anya. Tangu hapo tumegawana: yeye anasubu vichwa, mimi nafunga sketi, na wenzake wa pwani wakaanza kuleta zao.

Kwa asiyeijua, jigi ni ndoana iliyoshikana na kichwa cha risasi. Unaishusha mpaka iguse chini, unainyanyua kwa mkono, unaiachia ishuke tena. Wengine huongeza kipande kidogo cha ngisi kwa ajili ya harufu, lakini mpango mzima ni kwamba samaki aume kitu kisicho chambo. Huku kwetu fimbo na mashine ya kuzungushia ni mambo ya watalii. Mvuvi wetu ana mshipi kwenye kibao, na mkono wake ndio unaoichezesha jigi. Nalisema hili mapema kwa sababu maelekezo mengi ya kufunga sketi yameandikwa kwa ajili ya watu wenye fimbo, ambayo yenyewe hutikisika na kusaidia kuipa jigi uhai. Mkono mtupu huvuta kwa mikupuo mirefu na mizito, kwa hiyo sketi ya mvuvi wa mkono inabidi ijichezeshe yenyewe zaidi.

Na kwa nini mtu ahangaike na chambo cha bandia wakati bahari imejaa chambo? Kwa sababu chambo si cha bure. Ngisi anayefaa kutiwa kwenye ndoana ndiye huyohuyo anayetakiwa na mahoteli, na dagaa anafuata mwezi na bahati. Mvuvi akikosa chambo alfajiri, safari imekufa kabla ya kuanza, na mafuta ameshanunua. Jigi inakaa kwenye kopo, haiozi, haiombi barafu.

Wamarekani ndio walioifanya sketi ya mpira kuwa jambo kubwa. Katika miaka ya 1930 mtu mmoja wa Akron, Ohio, aitwaye Fred Arbogast, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi Goodyear, alitoa chambo cha bandia alichokiita Hawaiian Wiggler, akakivalisha nyuzi za mpira zinazochezacheza kama sketi za wacheza ngoma wa Hawaii. Akron ulikuwa mji wa viwanda vya tairi, kwa hiyo mpira haukuwa shida. Nampenda huyu bwana kwa sababu alichukua kilichokuwa karibu naye. Sketi zao za leo ni za silikoni, nyuzi 40 mpaka 60 hivi kwa jigi moja, na zinalenga samaki wa maziwa na mito yao. Mtu akiniletea pakiti kutoka huko nashukuru na kuzitumia. Silikoni haiozi, hainati, rangi yake haichujuki haraka. Lakini sitaki kuwa fundi anayesubiri ndege itue ndipo afanye kazi.

Cha karibu yetu sisi ni katani, yaani nyuzi za mkonge.

Mtu wa Tanga hahitaji kuambiwa habari za mkonge, ila wageni wanaosoma hapa wavumilie kidogo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ilitumwa 1,000, iliyofika hai ikawa 62. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yote yale ya Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko, hata miaka ya 1960 nchi hii ikawa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Bei ikaanguka, kamba za plastiki zikaja, mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Siku hizi mkonge umeanza kuinuka tena, na mimi katani yangu naipata kwa urahisi: kuna jamaa wanaofanya kazi kwenye korona, mashine inayochakata majani ya mkonge kuwa nyuzi, wanaoniletea vifungu vya nyuzi zilizokwisha kusafishwa na kukaushwa, urefu kama mita moja, nyeupe yenye umanjano kidogo.

Katani ikiwa kavu ni ngumu na inachoma vidole. Ukiitazama hivyo utasema haifai, na wengi wamesema. Lakini iloweke usiku kucha, uichane kwa kitana cha meno membamba, uitoe yale maganda madogo yaliyogandamana na nyuzi, uiloweke tena. Inalainika bila kuwa tepetepe. Hapo ndipo ubora wake ulipo: inabaki na ukakamavu kidogo, kwa hiyo ukiinyanyua jigi nyuzi zinalala nyuma, ukiiachia zinafunguka zenyewe. Kitambaa hakifanyi hivyo. Nimejaribu mabaki ya satini, ya shifoni, ya khanga iliyochakaa, maana fundi cherehani hakosi mabaki. Vyote vikilowa hujishikanisha vikawa kipande kimoja kinachoning'inia. Samaki hana haja na kipande kinachoning'inia.

Rangi naitia kwa unga uleule wanaotumia wasusi wa mikeka kuchovya ukindu: unachemsha maji, unaongeza chumvi, unazamisha katani mpaka ishibe, unaanika kivulini. Nyekundu, kijani, zambarau, nyeusi. Haidumu milele, na katani yenyewe haidumu. Maji ya chumvi yanaila polepole. Mabaharia wa zamani walijua kwamba kamba ya mkonge haistahimili bahari sawasawa na ile ya manila. Msimu mmoja wa kazi ngumu, sketi imekwisha. Kwangu hiyo si kasoro. Sketi ikibaki kwenye mwamba, itaoza. Mimi nimeshona vya kutosha vya polista kujua nyuzi zake zinakokwenda.

Hilo linanileta kwenye plastiki. Kabla ya Juni 2019, ilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki nchini, sketi nyingi za wavuvi zilikuwa za mifuko ya rambo iliyochanwa vipande vyembamba. Ilikuwa laini, ilicheza vizuri sana, siwezi kusema uongo. Baada ya marufuku watu wakahamia kwenye viroba, magunia yale ya kusokotwa ya sukari na mchele, na kwenye kamba za bluu na kijani za madukani, ambazo unazifumua nyuzi moja moja. Hizi zina sifa ambayo katani haina: zinaelea. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, polipropilini, ambayo ndiyo ya viroba na kamba hizo, ni kama kilo 0.9 kwa lita. Jigi ikikaa chini mchangani kichwa kimelala, nyuzi za kiroba zinasimama juu zikiyumba. Nailoni ni kama 1.14, inazama taratibu. Katani iliyoshiba maji inazama zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza ipi bora nitakuuliza unavulia wapi. Kwenye mchanga, kwa samaki anayeokota chini, nachanganya: katani kwa umbo, na nyuzi chache za kiroba ndani yake za kuinua. Kwenye mwamba, ambako jigi haitakiwi kulala hata kidogo, katani peke yake inatosha.

Viroba vina tabia mbaya moja: vinachanika na kutoa vijinyuzi visivyoonekana vizuri, na vyote vinabaki baharini. Ndiyo maana navitia kwa uchache.

Mipira ya puto na glavu nayo imejaribiwa na kila mtu. Ina mchezo mzuri siku ya kwanza. Iache ndani ya kopo juani, pamoja na mafuta kidogo ya samaki, utakuta imeyeyuka na kunatana, na gundi hiyo haitoki kwenye vidole. Nywele za mbuzi ni nzuri, nyeupe hasa, ila zisafishwe vizuri na ziwe ndefu, na mbuzi wa kwetu hana manyoya marefu. Manyoya ya jogoo, yale ya shingoni, ni ya ajabu majini. Tatizo ni kwamba bunju akiyapata mara moja umebaki na risasi tupu.

Habari ya risasi nitaipitia haraka kwa sababu si kazi yangu, lakini siwezi kuiruka. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, jiko la mkaa linafika huko bila taabu, na ndiyo hatari yake: ni rahisi mno. Mjomba anapata vipande vyake kwa mafundi wa kubalansi magurudumu. Inabidi avichambue, kwa sababu vingine siku hizi ni vya zinki, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 419. Akiona kipande kinaelea juu ya risasi iliyoyeyuka hakitaki kulainika, anakitoa kwa koleo. Kalibu yake ni ya plasta, na anaianika siku nyingi kabla ya kuitumia, kwa maana tone la maji ndani ya kalibu likikutana na risasi ya moto linarusha kila kitu usoni. Anafanyia nje, upepo ukiwa nyuma yake, watoto hawapo, na sufuria ile haiingii jikoni.

Betri za gari haruhusu mtu azilete. Wapo wanaozipasua kuchukua risasi ya ndani, na hao naomba wasome habari za Owino Uhuru, pale Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu kuanzia 2007 mpaka kilipofungwa 2014. Watu waliugua, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hicho kilikuwa kiwanda chenye bomba la moshi. Fikiria sufuria uani kwako. Asiyetaka kuyeyusha anunue chubwi zilizotobolewa dukani, apitishe waya wa chuma kisichoshika kutu, atapata jigi isiyopendeza lakini inayofanya kazi. Hata plagi chakavu ya gari inazama vizuri.

Turudi shingoni.

Shingo ni ile sehemu nyembamba nyuma ya kichwa, sentimita moja hivi, na mwisho wake mjomba ameacha ukingo mdogo wa risasi ili mafungo yasiteleze kwenda kwenye ndoana. Naibana ndoana kwenye jiliwa, jicho likinitazama. Uzi wangu ni wa nailoni, ule wa kushonea viatu, na naupitisha kwenye nta ya nyuki mara mbili mpaka uwe unakamata. Pamba inaoza. Polista ni imara lakini haivutiki, na ukikosea nguvu hata kidogo inabaki imelegea. Nailoni inavutika, ukiizungusha imekazwa, inajaribu kurudi kwenye urefu wake na katika kurudi inabana. Naanza na mizunguko mitupu, uzi ubavuni mwa uzi, kufunika risasi yote ya shingo, kwa sababu risasi inateleza na nyuzi zikilala juu yake bila kitu katikati zitazunguka zote pamoja siku ya kwanza.

Halafu nachukua nyuzi za sketi. Hapa ndipo tunapogombana na kila mteja, kwa sababu kila mteja anataka nyingi. Anaona sketi nene ni sketi ya thamani. Ukizijaza, za ndani hazipati maji, zinasukumana, na jigi inashuka imevimba kama mwavuli uliopinduliwa na upepo: inachelewa kufika chini, mkondo unaibeba, na mvuvi analalamika kwamba kichwa ni chepesi. Kwa jigi ya gramu 60 naweka katani ya unene wa penseli ikiwa imekandamizwa, si zaidi. Tena naigawa vitita vinne: juu, chini, kulia, kushoto. Kila kitita nakilaza shingoni kikiwa kimegawanyika katikati, nusu inaelekea mbele kwenye kichwa, nusu inaelekea nyuma kwenye ndoana.

Nazungusha mara mbili bila kukaza. Huu ndio ufundi wenyewe na hauonekani kwa macho: mizunguko miwili ya kwanza ikikazwa, nyuzi zote zinakimbilia upande ule ambao mkono unavutia. Ikiachwa legevu, kisha ikavutwa kwa pamoja kwenda juu huku kidole gumba cha mkono wa kushoto kinazizuia, nyuzi zinatambaa zenyewe kuzunguka shingo na kujaza pengo. Halafu ndiyo nakaza, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka uzi uanze kulia kidogo. Mshonaji anaijua sauti hiyo. Hatua moja zaidi na utakatika.

Sasa ile nusu iliyoelekea mbele naikunja kurudi nyuma, juu ya mafungo. Haitaki kulala, kwa sababu imepinda juu ya kitu, na kutotaka kulala ndiko tunakokutaka. Inasimama imetanuka. Jigi ikivutwa juu maji yanaikandamiza, ikiachiwa inafunguka. Inafunga, inafungua. Samaki ana ule mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, na hata kwenye tope, hata gizani, kule kufunga na kufungua kunamfikia. Sketi iliyofungwa nyuzi zote zikielekea nyuma ni nadhifu zaidi, inapendeza ukutani dukani, na imekufa.

Kumalizia bila fundo nilifundishwa na baba mmoja anayeshona nyavu, na nashangaa wavuvi wengi hawaijui njia hiyo. Chukua kipande cha pili cha uzi, kikunje kiwe kitanzi, kilaze juu ya mafungo kitanzi kikielekea nyuma na ncha zake mbili mbele. Zungusha uzi wa kazi juu yake mara sita au saba, umekaza. Ukate, ncha yake uipitishe kwenye kitanzi, kisha uzivute zile ncha mbili za mbele kwa nguvu. Kitanzi kinapita chini ya mizunguko na kuiburuta ncha pamoja nacho, inatokea upande wa pili, imezikwa. Hakuna kifundo cha kukwama kwenye mwamba wala cha jino kukamata. Unaikata usawa na mafungo, huoni hata ilipo.

Watu hupenda kumalizia na supaglu. Usiitie kwenye katani. Ni nyepesi mno, inanyonywa na kupanda kwenye nyuzi, na sentimita mbili za mwanzo za sketi zinakauka na kuwa vijiti. Rangi ya kucha ni nzito, inakaa pale unapoiweka. Tabaka mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka kabisa. Nina chupa za rangi zote ambazo hazikuisha kwenye harusi za mtaani, kwa hiyo jigi zetu zina shingo za rangi za ajabu ajabu, na wavuvi wamekuja kuamini kwamba shingo ya waridi ina bahati. Sijawakatisha tamaa.

Kuna wanaofungia kwa waya wa shaba kutoka kwa mafundi wa kusuka mota. Unabana haraka na hauhitaji gundi. Kwa ziwani sina neno nao. Kwa baharini sishauri. Shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na ndoana inaanza kuoza palepale chini ya mafungo ambapo huoni. Waya wa mota una vanishi, nayo inasaidia mpaka ikwaruzike. Halafu siku nguru wa maana amekamata, ndoana inakatikia shingoni, na lawama zinakwenda kwa duka la ndoana.

Nguru ana mambo yake. Chewa anafungua mdomo na kumeza kila kitu, kichwa na sketi na maji yake. Nguru anakata. Anapita kwa kasi nyuma ya jigi na kuikata mkia, kisha anarudi kuokota. Kwa hiyo sketi ya nguru naifupisha, ivuke kona ya ndoana kwa upana wa kidole kimoja tu, na mjomba anaongeza ndoana ya pili kwa waya mfupi, iliyofichwa ndani ya nyuzi. Mzia hana tofauti. Kolekole anapiga popote, anapiga kwa hasira tu. Ukitaka kujua sketi yako ni ndefu kiasi gani, usiulize watu, angalia zinazorudi. Nyuzi zilizokatwa wima, safi, ni nguru au mzia, na maana yake ni kwamba alikuwa nyuma ya ndoana. Vipande vya mviringo, kana kwamba mtu alikuwa na koleo ndogo, ni bunju au kikande, na hapo tatizo si sketi, ni mahali. Nyuzi zilizosagika na kutatuka bila kukatwa ni chewa, na kwa kawaida hapo mteja anakuja akitabasamu.

Rangi ndiyo mada wanayoipenda zaidi, na ndiyo ninayoiamini kidogo zaidi. Kila mtu ana yake. Mmoja hatoki bila nyekundu. Nyekundu, ukiteremka pima chache tu, inaanza kufifia, na kule chini wanakovulia inaonekana ya kijivu au nyeusi, kwa sababu mwanga mwekundu ndio wa kwanza kumezwa na maji. Ngisi wengi hawatofautishi rangi kabisa. Ninachojali ni weusi na weupe: sketi iwe na upande wa giza na upande wa mwanga, ili ikijizungusha ibadilike. Masika, Mto Zigi ukileta tope mpaka maji ya pwani yawe kama ya shimo la udongo, nafunga nyeusi nyingi na naongeza unene kidogo ili isukume maji zaidi. Kaskazi ikituliza bahari na maji yakawa meupe, napunguza nyuzi na naacha katani na rangi yake ya asili. Mjomba anasema hiyo ya asili ndiyo inayomletea zaidi. Anasema hivyo pia kuhusu shingo ya waridi, kwa hiyo sijui nimsikilize wapi.

Naijaribu kila moja kabla haijatoka. Ndoo ya maji ya bahari, kwa sababu kwenye maji ya bomba vitu vinaelea tofauti, na sketi iwe imelowekwa kwanza, la sivyo hewa iliyonaswa kwenye nyuzi inakudanganya. Naishusha kwa uzi, naipandisha, naiachia. Nikiona nyuzi zimefunguka pande tatu na upande wa nne umelala, nafumua. Wateja wanaosubiri hapo wananiona mwanamke wa vurugu. Lakini upande uliolala unaifanya jigi ishuke imeinama, na jigi iliyoinama inazunguka, na inayozunguka inasokota mshipi. Baada ya saa moja mvuvi ana fundo la mshipi miguuni na hajui limetoka wapi.

Ncha zikatwe mwisho kabisa, baada ya kulowa, na zikatwe kwa mshazari kwa mkasi mdogo unaoelekea juu. Ukizikata sawasawa kama ninavyokata pindo la sare, sketi inaishia ghafla, na majini hakuna kiumbe kinachoishia ghafla hivyo. Hili lilinipa taabu, mkono wangu umezoea kusawazisha.

Wanaoleta kazi wameongezeka. Uvuvi wa baruti ulipobanwa na serikali katika ile miaka ya katikati ya 2010, watu walianza kurudi kwenye mshipi, na miamba iliyovunjwavunjwa imeanza, polepole mno, kuwa na kitu cha kuvuliwa. Wengine wanakuja kutoka Kigombe, wengine Chongoleani. Vijana wananionyesha picha za jigi za Japani na Marekani kwenye simu na kutaka zile zile, zenye macho yaliyochorwa na magamba ya kung'aa. Macho naweza kuchora. Bei inapanda kidogo, na samaki hajui kwamba tumemchorea.

Kufunga upya nachaji nusu ya mpya, na hiyo ndiyo kazi inayonilipa hasa, kwa sababu kichwa cha risasi na ndoana nzuri vinaishi zaidi ya sketi nyingi. Uzi wa zamani unakatwa kwa wembe, upande wa chini wa shingo, ili mkwaruzo usikae juu ambako sketi mpya itaanzia. Rangi ya kucha inabanduka yenyewe ikivutwa na uzi. Nachunguza ndoana pale shingoni kwa sindano. Nikichoma na sindano ikaingia, hiyo haistahili sketi, namrudishia mwenyewe na maneno yangu. Sasa hivi kuna kopo zima mezani pembeni ya cherehani. Wiki hii ni bamvua, mkondo ni mkali, hakuna anayeweza kushusha jigi ikafika chini kwa unyoofu, kwa hiyo wote wako nyumbani na wote wamekumbuka kwamba sketi zao zimechakaa. Maji yakiwa mafu watakuja pamoja alfajiri moja, kila mtu ana haraka, na wale wa deni la mwezi uliopita nimeshaziweka za kwao chini kabisa ya kopo.